Jamhuri Haikuuawa na Makabwela

Kuna hoja moja ambayo nimeisikia tangu siku nilipoanza kushika chaki, na hata sasa, nikiwa mzee wa kustaafu, bado naisikia, tena kutoka kwa watu waliosoma kunizidi. Hoja yenyewe ni hii: kwamba Jamhuri ya Roma, iliyokaa karibu miaka mia tano bila mfalme, iliangushwa na umma wake wenyewe. Kabwela wa Roma, wanasema, alikuwa mvivu, mbumbumbu na mwepesi wa kurubuniwa. Alitaka ngano ya bure na michezo ya uwanjani, na alipotokea mkubwa wa kumpa vitu hivyo, akampa nchi. Hapo msemaji hukohoa kidogo, akakutazama usoni, kisha akatoa fundisho lake: watu wa chini ukiwapa sauti, mwisho wake ni udikteta.

Mimi nasema huo ni uzushi. Tena si uzushi mdogo, kwa maana unamtwika aliyeuawa kesi ya muuaji wake. Jamhuri ya Roma iliuawa na wale walioapa kuilinda, yaani makabaila wa Baraza la Seneti, wenye kanzu za mlia mpana wa zambarau na mashamba yasiyo na mwisho. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kumwaga damu katika siasa za mji ule, na wa kwanza kufundisha kwamba hoja ya mwenzako unaweza kuijibu kwa rungu. Waliofuata baadaye, Caesar akiwa mmojawapo, walikuwa wanafunzi tu.

Najua jinsi uzushi huu ulivyotufikia. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tuliijua Roma kwanza kupitia tamthilia ya Shakespeare juu ya kifo cha Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1963, kisha toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1969. Kazi ile ni hazina na sina ugomvi nayo. Lakini tamthilia yenyewe inaanza mwaka 44 K.K., Jamhuri ikiwa mahututi. Tunaonyeshwa umati unaomshangilia Brutus, na muda si muda umati ule ule unamshangilia Antony na kumrarua mtu asiye na hatia. Msomaji anafunga kitabu akisema, "Kumbe hawa ndio walioiharibu nchi!" Ni sawa na mtu anayefika penye nyumba inayoungua dakika ya mwisho. Anawaona majirani wakikimbia huku na huko wakipiga kelele, anadhani wao ndio waliowasha moto. Moto ule uliwashwa miaka 89 kabla ya siku ile, nao waliouwasha wanajulikana kwa majina.

Hebu turudi nyuma. Kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka 509 K.K. Mahali pake wakaweka makonsuli wawili, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, na wote wakiondoka madarakani baada ya mwaka mmoja. Mwanzoni mambo yote yalishikwa na koo chache za mabwana. Watu wa kawaida walikuwa na wajibu wa kupigana vita na kulipa madeni, basi. Walifanya nini? Mwaka 494 K.K. waligoma. Waliacha mji na mabwana wake, wakaenda kukaa kwenye kilima kilicho maili tatu kutoka mjini, wakasema wenye mji na waulinde wenyewe. Mabwana wakanywea, na hapo ndipo kilipopatikana cheo cha mtetezi wa umma, ambacho Warumi walikiita tribuni. Mtetezi huyo alikuwa na kura ya turufu dhidi ya uamuzi wa mkubwa yeyote, na mwili wake ulikuwa mtakatifu: kumpiga ilikuwa ni kufuru.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Mnamo mwaka 450 K.K. sheria ziliandikwa katika mbao kumi na mbili ili hakimu asijitungie yake. Mwaka 367 K.K. cheo cha konsuli kilifunguliwa kwa watu wasiotoka katika zile koo kongwe. Mwaka 287 K.K. maamuzi ya mkutano wa umma yakawa sheria kwa wote, mabwana na watwana. Angalia miaka hiyo, msomaji wangu. Ni zaidi ya karne mbili za mvutano mkali, wenye matusi, migomo na njaa, na ulitatuliwa kwa kukaa na kukubaliana. Huo ndio umma tunaoambiwa haukuweza kujitawala!

Sasa ni nini kilichobadilika? Kilichobadilika ni utajiri. Roma ilipigana na Hannibal kuanzia mwaka 218 hadi 201 K.K., ikashinda. Kisha ikaendelea kushinda: Makedonia, Ugiriki, Hispania, na mwaka 146 K.K. ikaiteketeza Carthage. Askari wa vita hivyo hawakuwa watu wa kuajiriwa. Walikuwa wakulima wadogo, kwa kuwa sheria ilitaka askari awe na mali yake na ajinunulie silaha. Mkulima aliyepelekwa Hispania aliweza kukaa huko miaka sita mfululizo. Akirudi anakuta shamba limeota magugu, mke amekopa, na jirani tajiri anangoja kununua.

Wakati huo huo vita vilileta watumwa kwa wingi usio na mfano. Mwaka 167 K.K., katika nchi ya Epirus peke yake, jeshi la Roma liliteka watu 150,000, kwa hesabu wanayotupa waandishi wa kale. Mtumwa hakuitwa jeshini, kwa hiyo kwa tajiri alikuwa mfanyakazi bora kuliko raia. Aidha, palikuwa na ardhi ya umma, iliyonyang'anywa kutoka kwa makabila ya Italia yaliyoshindwa vitani. Hiyo ilikuwa mali ya dola. Palikuwa na sheria ya zamani kwamba asiwepo mtu wa kushika zaidi ya jugera 500 za ardhi hiyo, yaani yapata ekari 310 za kwetu. Vigogo waliikalia ardhi ile kana kwamba wamerithi kwa babu zao, wakavuka kiwango, na hakuna aliyewauliza.

Aliyewauliza alikuwa mmoja wao. Tiberius Gracchus hakuwa mlalahoi. Mama yake, Cornelia, alikuwa binti wa Scipio Africanus, yule aliyemshinda Hannibal. Mwaka 133 K.K., akiwa mtetezi wa umma, Tiberius alipeleka muswada. Hakutaka kumnyang'anya mtu shamba lake halali. Alisema tu kwamba sheria ya jugera 500 ifuatwe, tena akawaongezea wakubwa nafasi kwa ajili ya watoto wao, na kile watakachobaki nacho kiwe chao bila bughudha. Ziada irudi kwa dola, igawiwe raia maskini, na wasiruhusiwe kuiuza, ili tajiri asiirudie kwa mlango wa nyuma. Nimesoma sheria nyingi za ardhi katika maisha yangu, na sijaona iliyo laini kuliko hiyo.

Makabaila walikataa. Wakamtumia mtetezi mwingine, Marcus Octavius, apige turufu, naye akapiga. Tiberius akauomba mkutano wa umma umwondoe Octavius madarakani, na umma ukamwondoa kwa kura. Hapa wapinzani wangu huruka juu: "Unaona! Yeye ndiye aliyeanza kuvunja taratibu!" Nakubali kwamba jambo hilo halikuwa na mfano, na kwamba alipogombea kipindi cha pili mfululizo alizidi kwenda kinyume cha desturi. Lakini tupime kwa mizani moja. Upande mmoja mtu amevunja desturi kwa kuita watu wapige kura. Upande wa pili watu wamevunja nini?

Siku ya uchaguzi Seneti ilikaa hekaluni. Konsuli Mucius Scaevola aliombwa atumie nguvu, akakataa, akasema hatamuua raia ambaye hajahukumiwa. Mkuu wa dola amesema hapana! Ndipo akasimama Scipio Nasica, kuhani mkuu wa Roma, mtu aliyeshika ardhi nyingi ya umma, akawaita wenzake wamfuate. Nasica na Tiberius mama zao walikuwa ndugu tumbo moja. Maseneta wakashika miguu ya viti na magogo, wakatelemka na wafuasi wao hadi penye mkutano, wakampiga Tiberius hadi akafa, mwili wake ukiwa mtakatifu kwa sheria yao wenyewe. Waliuawa pamoja naye watu wapatao 300. Usiku maiti zikatupwa katika mto Tiber, na ndugu wa marehemu wakanyimwa ruhusa ya kuzika.

Baada ya hapo nani alishtakiwa? Mwaka uliofuata iliundwa mahakama maalumu, ikawahukumu wafuasi wa marehemu. Walioua hawakuulizwa. Nasica alipochukiwa mno mitaani, Seneti ilimtafutia safari ya kikazi Asia, akafia huko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Makabaila hawa hawakuacha kuziba ufa tu, waliupanua kwa mtaimbo.

Miaka kumi baadaye mdogo wake, Gaius Gracchus, alichaguliwa mtetezi, mwaka 123 K.K., na tena 122. Kati ya sheria zake za kwanza ilikuwa ile iliyokataza raia kuuawa bila idhini ya umma. Bila shaka alikuwa akikumbuka maiti ya kaka yake mtoni. Alitaka pia washirika wa Italia, waliomwaga damu bega kwa bega na Warumi, wapewe haki za uraia. Mwaka 121 K.K. Seneti ilimpa konsuli Lucius Opimius amri ya kuiokoa dola kwa njia yoyote. Opimius akatangaza kwamba kichwa cha Gaius kitanunuliwa kwa uzito wake wa dhahabu. Plutarch anasema kichwa hicho kilipoletwa kilikuwa kimetolewa ubongo na kujazwa risasi ili kipime zaidi. Walikufa watu 3,000. Opimius alipeleka shauri gani baada ya hapo? Alijenga upya hekalu, akaliita Hekalu la Mapatano. Mwaka 120 K.K. alishtakiwa kwa kuua raia bila hukumu, akaachiwa huru.

Hukumu ile ndiyo ninayoihesabu kuwa kifo cha Jamhuri. Tangu siku ile kila mwenye nguvu alijua kwamba ukisema unaokoa dola, unaweza kuua raia na ukatembea. Konsuli wa makabaila akiruhusiwa hivyo, kwa nini jemadari asiruhusiwe?

Na jemadari alikuja. Wakulima walipopungukiwa ardhi, walipungua pia watu wenye mali ya kutosha kuwa askari. Mwaka 107 K.K. Marius aliamua kuandikisha jeshini watu wasio na kitu. Mtu wa namna hiyo akimaliza vita hana shamba la kurudia. Seneti ingeweza kutunga sheria ya kudumu ya kumpa kipande cha ardhi akistaafu, lakini haikutaka. Basi akamtazama jemadari wake, akamwona ndiye baba na mama. Mwaka 88 K.K. Sulla aliligeuza jeshi likaingia Roma kwa silaha, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Na huyu Sulla hakuwa mtu wa makabwela hata kidogo. Alikuwa kipenzi cha Seneti. Mwaka 82 K.K. alirudi tena, akawa dikteta, akabandika hadharani orodha za watu wa kuuawa, akawapunguzia watetezi wa umma madaraka karibu yote, na mashamba ya waliouawa akawagawia askari wake. Ardhi ambayo vigogo walikataa kuigawa kwa sheria sasa iligawanywa kwa upanga, na wao wakapiga makofi kwa sababu upanga ulikuwa wa mtu wao.

Sasa nije kwenye ile ngano, maana najua bado inawakaa kooni. Gaius Gracchus hakutoa ngano ya bure. Aliweka bei nafuu, isiyopandapanda, katika mji ulioishi kwa shehena za Sisilia na Afrika ya Kaskazini, ambako meli chache zikichelewa watu walilala na njaa. Mwaka 62 K.K. aliyepanua ugawaji ule ni Cato, mtetezi wa makabaila asiyeyumba, kwa sababu aliogopa umma wenye njaa. Bei iliondolewa kabisa na Clodius mwaka 58 K.K. Na Caesar, huyo anayesemwa kuwa alinunua nchi kwa ngano, aliposhika madaraka aliipunguza idadi ya wapokeaji kutoka 320,000 hadi 150,000. Ajabu ya rushwa! Mtu apewe nchi kwa kuwanyima chakula nusu ya wauzaji?

Wengine wameniletea hoja ya kisasa zaidi. Wanasema wachimbuaji wa mambo ya kale, wakipita mashambani Italia tangu katikati ya karne ya ishirini, wamekuta mabaki ya mashamba madogo mengi kuliko waandishi wa kale walivyotuambia, kwa hiyo kilio cha ardhi kilitiwa chumvi. Hoja hii naiheshimu. Haiwezekani kila mkulima mdogo aliangamia, na mahali na mahali palitofautiana. Lakini wachimbuaji hao hao wamekuta pia mawe ya mipaka yenye majina ya wajumbe wa tume ya Gracchus. Tume ile ilipima ardhi kweli, na hapakuwa na haja ya kuua watu 300 kwa ajili ya kilio kisichokuwapo.

Na Brutus je? Katika tamthilia ndiye mtu safi kuliko wote. Cicero, aliyekuwa rafiki yake, ametuachia barua zenye sura nyingine. Cicero alipokuwa gavana wa Kilikia, miaka ya 51 na 50 K.K., aligundua kwamba mji wa Salamis katika kisiwa cha Cyprus ulikuwa unadaiwa fedha kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka, wakati yeye kama gavana alikuwa ameweka kikomo cha asilimia 12. Wakala wa mkopeshaji, mtu aitwaye Scaptius, alikuwa ameomba askari kutoka kwa gavana aliyetangulia, akalizingira baraza la mji ule wajumbe wakiwa ndani, hata watano wakafa kwa njaa. Mkopeshaji halisi akatokeza baadaye: alikuwa Brutus. Uhuru alioupigania kwa jambia mwaka 44 K.K. ulikuwa, kwa sehemu kubwa, uhuru wa watu wa tabaka lake kuendelea kufanya mambo kama hayo. Hivi tunashangaa kwa nini umma haukumfuata?

Malipo yake yalikuja upesi. Mwishoni mwa mwaka 43 K.K. Antony, Lepidus na kijana Octavian walibandika orodha zao. Mwandishi Appian anataja maseneta wapatao 300 na watu 2,000 wa tabaka lililofuata. Cicero alikuwa ndani yake, yule aliyewaua raia bila kesi mwaka 63 K.K. na kujisifu kwamba ameokoa dola. Kisha miji 18 ya Italia ikatengwa ili ardhi yake wapewe askari. Wajukuu wa wale waliokataa kuachia ziada ya jugera 500 wakapoteza mashamba mazima, na wengine shingo pia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwaka 27 K.K. Octavian akaitwa Augustus. Akasema amerudisha Jamhuri, na Seneti ikamshukuru. Makonsuli waliendelea kuchaguliwa, watetezi waliendelea kuwapo, ila tu madaraka ya utetezi alikuwa nayo yeye. Alipofariki mwaka 14 B.K., uchaguzi wa viongozi uliondolewa katika mkutano wa umma ukahamishiwa Seneti. Watu wa mji, anasema mwandishi Tacitus, walinung'unika tu. Wasomi wetu hulichukua hilo kuwa ushahidi kwamba umma haukujali. Mimi nauliza: wangejali vipi? Kwa miaka 146, kila aliyesimama kuwatetea aliishia mtoni, au kichwa chake kilipimwa kwenye mizani, au alikuwa jemadari mwenye shabaha zake mwenyewe. Walifundishwa kunyamaza na watu wale wale ambao leo tunawasifu kuwa walinzi wa sheria.

Basi anayetaka kuifundisha Roma, asianze na jambia la mwaka 44, wala asianze na foleni ya ngano. Aanze na ile asubuhi ya mwaka 133, konsuli ameketi akisema raia hauawi bila hukumu, na mabwana wakimpita wanakwenda kuvunja viti. Kisha awaulize wanafunzi wake nani katika ukumbi ule alikuwa akiilinda Jamhuri, na awaache wajibu wenyewe.